Omo Juu, Tezi Chini

Kama muhula uliopita uliingia chumbani kwetu bwenini ukajikwaa kwenye kitu kizito ndani ya gunia la sandarusi, chini ya kitanda cha mlangoni, naomba nikueleze kilikuwa nini. Ilikuwa propela ya boti. Wenzangu wa chumbani walishaamua kwamba ni feni mbovu, na mmoja akapendekeza tuwauzie watu wa vyuma chakavu tugawane hela ya chipsi. Nikawaacha waseme. Ukiwa binti unayesomea ualimu wa fizikia na hisabati, unazoea watu kushangaa vitu unavyobeba.

Propela ile ni ya baba mdogo. Ana boti ya fiba ya futi 23 pale Kilindoni, Mafia, yenye mashine moja ya farasi 40. Msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka karibu Machi, anabeba wageni kwenda kuwaangalia. Miezi mingine anabeba samaki, barafu, mchele, ndizi, na watu. Mkopo wa bodi unanilipia ada na ile boom tunayoisubiri sote kama mvua ya vuli, lakini yale mengine, nauli ya kurudi nyumbani, fotokopi, kalkuleta iliyoibiwa mwaka wa kwanza, yote yametoka kwenye boti ile. Mdogo wangu wa kidato cha tano naye anaitegemea. Kwa hiyo boti ikiumwa, tunaumwa wote.

Ilianza kuumwa mwezi wa Aprili. Siku za bamvua, maji yakiwa yametoka sana, propela ikagonga mwamba. Fundi akayanyoosha mapanga yake kwa nyundo, akachomelea kipande, ikarudi kazini. Ila tangu hapo boti ikawa nzito. Ikipakiwa mzigo inanyanyua omo juu kama farasi anayekataa kuvuka daraja, tezi linazama, mashine inalia, na mwendo haupatikani. Kwa kweli hata kabla ya mwamba ilikuwa na tabia hiyo, mwamba uliizidisha tu. Dawa ya baba mdogo ilikuwa ile ya siku zote: "Jamani, hamieni omo!" Abiria wanne watano wanajikokota mbele, omo linashuka, boti inajikwamua, inaanza kukimbia. Aliyekuwa akilalamika ni Bibi Mwanaidi peke yake, ambaye kila safari alikuwa wa kwanza kuambiwa ahamie mbele kwa sababu, nisamehe Bibi, ndiye mwenye uzito, na huko mbele ndiko maji yanakorukia. Alikuwa akifika sokoni kanga zote mbili zimelowa.

Jioni moja hapakuwa na abiria wa kutosha wa kuhamia mbele. Boti ilikuwa na magunia ya mchele yaliyopangwa nyuma, omo limesimama, na aliyekaa kwenye usukani haoni kitu isipokuwa mbingu. Mtumbwi wa wavuvi wawili ulikuwa unakatiza mbele yao. Aliyeuona ni mtoto aliyekaa pembeni, akapiga kelele. Walipishana kwa urefu wa kasia. Baba mdogo alinisimulia kwa simu akicheka, lakini alinisimulia mara tatu.

Mwisho wa simu ile akaniambia, "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya mahesabu huko? Nitafutie propela hapo Dar. Ile ya kuinua omo."

Nikafikiri sijasikia vizuri. "Ya kuinua omo, baba?"

"Eeh. Kama zile za boti za mbio. Hujaona? Boti lote liko hewani, linagusa maji kwa nyuma tu."

Alikuwa ameona video. Nani hajaona? Boti za Marekani zenye rangi za pipi, mashine mbili tatu nyuma, zinapita kama mshale na nyuma yake mkia wa maji mrefu kuliko mnazi. Na kweli, omo liko juu. Akanitumia propela ya zamani kwa chombo kilichokuwa kinakuja bara, ili iwe sampuli. Ndiyo hiyo mliyojikwaa nayo.

Nilienda na gunia langu kwenye duka la vifaa vya boti mjini. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliniuliza kama nimetumwa. Nikasema ndiyo, nimetumwa. Akaitoa propela ya chuma cha pua, inang'aa unaweza kujipaka wanja mbele yake, pichi 15, mapanga yamelala nyuma kama masikio ya paka mwenye hasira. "Dada, hii ndiyo wanayofunga kwenye boti za mbio. Ukifunga hii, omo linanyanyuka hilo! Unakula upepo tu." Bei: milioni moja na laki moja. Ya alumini, ya kawaida, ilikuwa laki mbili na nusu. Baba mdogo alikuwa tayari kutafuta hiyo milioni. Angekopa. Nikamwambia yule kijana nitarudi.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo nilipokaa wiki nzima, na nadhani ndipo penye utamu.

Neno "omo juu" linabeba mambo mawili ambayo ukiyatazama ufukweni yanafanana, lakini ni maadui. La kwanza ni omo juu la boti iliyoshindwa. Kila boti yenye umbo la kukimbia, ikiwa inaanza, inaukata maji kwanza, inasukuma wimbi lake yenyewe mbele, na kwa kuwa mashine iko nyuma na uzito mwingi uko nyuma, tezi linakaa kwenye shimo na omo linapanda lile wimbi kama mtu anayepanda kilima. Ikipata nguvu ya kutosha inakivuka kilima. Inaacha kuyakata maji, inapanda juu yake na kukimbia, omo linashuka lenyewe likalala karibu sawa. Boti ya baba mdogo ilikuwa haikivuki kilima. Inaishi pale juu, safari nzima, ikinywa petroli.

La pili ni omo juu la boti iliyokwishafika. Hii imekwishavuka kilima, inakimbia juu ya maji, na sasa adui yake ni tumbo lake. Kila futi ya fiba inayogusa maji inasuguana nayo. Ukiweza kuinua omo kidogo zaidi, ile sehemu ya mbele ya tumbo inatoka majini, msuguano unapungua, mwendo unaongezeka bila kuongeza farasi hata mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya propela ya kuinua omo. Wenye boti za mbio wanaililia kwa sababu boti zao ni nyepesi, mashine zao zina nguvu za kutisha, kilima wanakivuka kwa sekunde chache, na kinachobaki ni kupunguza tumbo.

Wapo waliofika mbali zaidi kwenye njia hiyo. Mwaka 1950, kwenye ziwa Washington pale Seattle, boti iliyoitwa Slo-mo-shun IV ilivunja rekodi ya dunia kwa maili 160.32 kwa saa, kama kilomita 258. Ilikuwa inakimbia imekanyaga maji sehemu tatu tu: vigati viwili vya mbele, na propela yenyewe nyuma, tena nusu ya propela ikiwa nje ya maji. Yaani tezi lilikuwa limebebwa na propela. Ukishalielewa hilo unaanza kuiona propela kwa jicho jingine. Haisukumi mbele tu. Inaweza kulibeba tezi, au kulikandamiza, kulingana na ilivyochongwa.

Na hapo ndipo pa kutazama mapanga. Ishike propela iangalie kwa ubavu. Kama mapanga yamesimama wima kutoka kwenye shingo, mlalo ni sifuri. Kama yameegemea nyuma, yana mlalo, na mlalo unapimwa kwa nyuzi. Za kawaida zina kama nyuzi 15. Za mbio huongezeka kadiri panga linavyokwenda nchani, mpaka 30 huko mwishoni. Propela yenye mlalo mkubwa na mapanga mapana inayashika maji hata ikifungwa karibu na uso wa bahari, na kwa boti nyingi msukumo wake hulikandamiza tezi. Tezi likienda chini, omo linakwenda juu. Ni ile bembea ya watoto, basi. Kuna nyingine, ambazo mapanga yake yamekatwa moja kwa moja kwa nyuma kama kisu cha bucha. Hizi hufanya kinyume, zinainua tezi, na ndiyo maana boti za mbio zenye matumbo mawili, ambazo omo lake hubebwa na hewa, huzipenda. Propela za mapanga manne nazo kwa kawaida huelekea upande huohuo wa kuinua tezi, na hushika vizuri wakati boti inapambana na kilima. Ukingo wa panga ukikunjwa kidogo ndani nao una maneno yake: ukikunjwa upande wa nyuma ni kama umeongeza pichi, ukikunjwa kuelekea nchani ni kama umeongeza mlalo. Mafundi wa mbio hulipwa kwa mkunjo wa milimita chache. (Baba mdogo alilipa elfu kumi na tano kwa nyundo. Tusilinganishe.)

Halafu kuna jambo ambalo video za simu hazilionyeshi: omo likipita kiasi. Kwanza boti inaanza kudundadunda, omo juu, omo chini, kama kichwa cha mjusi. Ukizidi, hewa inaingia chini ya tumbo na kulibeba. Tarehe 4 Januari 1967, Mwingereza Donald Campbell alikuwa kwenye ziwa Coniston akitafuta kuvuka maili 300 kwa saa na boti yake, Bluebird K7. Ile ilikuwa ya jeti, haina propela, lakini hewa haiulizi umesukumwa na nini. Mkondo wa kwenda alipata karibu maili 298. Kwenye mkondo wa kurudi omo likanyanyuka, likaendelea kunyanyuka, boti ikapinduka kinyumenyume, akafa. Sisi Kilindoni hatukimbii hivyo wala hatutakimbia. Ila nililikumbuka kila yule kijana wa duka aliposema "omo linanyanyuka hilo", maana kwake ni sifa tu, haina mwisho.

Basi, pichi. Kwenye shingo ya propela kuna namba mbili. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skurubu. Ya baba mdogo ni 13, yaani inchi 13, sentimita 33.02. Hapa mwanafunzi wa hisabati anakunja mikono ya shati.

Nilimpigia, nikamwomba amtafute fundi mwenye kile kimita cha kuhesabia mizunguko ya mashine, kinachofungwa kwenye waya wa plagi. Mwendo atausoma kwenye simu. Akapakia mzigo wake wa kawaida, akafungua gesi yote, hakuna mtu kuhamia mbele. Akanitumia: mizunguko 4100 kwa dakika, mwendo kilomita 19 kwa saa. Kitabu cha mashine kinataka ikifunguliwa yote izunguke kati ya 4500 na 5500. Kwa hiyo jibu la kwanza hilo hapo, hata kabla ya kalkuleta: mashine ilikuwa inabanwa. Ni kama baiskeli yenye mzigo wa mkaa, unapanda mlima umeweka gia ya kushukia.

Jibu la pili linahitaji kalkuleta. Giaboksi ya mashine ile inapunguza mizunguko kwa nusu, kwa hiyo propela inazunguka mara 2050 kwa dakika. Zidisha kwa sentimita 33.02 unapata mita 677 kwa dakika, au kilomita 40.6 kwa saa. Boti inakwenda 19. Zaidi ya nusu ya kazi inaponyoka majini! Kuponyoka kwenyewe si dhambi. Maji si mbao, na boti nzuri iliyofungwa propela yake hupoteza kati ya asilimia 10 na 20 hivi. Lakini asilimia 53 maana yake unalipia petroli ili kukoroga bahari. (Wamarekani wanafanya hesabu hii kwa namba 1056, ambayo ilinisumbua mpaka nilipogundua kwamba maili ina inchi 63,360, gawa kwa dakika 60. Sentimita zetu zinatosha.)

Mpaka hapo nilikuwa na uhakika. Ile propela inayong'aa, pichi 15 na mlalo wa mbio, ingeibana mashine zaidi, ingelikandamiza tezi ambalo tayari limezama, na ingemnyima baba mdogo hata ule upenyo mdogo wa kuona mbele. Kwa milioni moja na laki moja, za mkopo.

Shida ilikuwa kumwambia. Huyu ni mtu aliyeanza kwenda baharini kabla sijazaliwa. Anaijua bahari ya Mafia usiku kwa harufu. Mimi nimekaa chumbani na daftari. Nilianza kumsomea namba zangu kwenye simu, nikasikia ukimya ule wa heshima ambao mzazi anakupa huku akiwa ameshaondoka kichwani. Nikaacha namba.

"Baba, ukiwaambia watu wahamie omo, boti inafanyaje?"

"Inapanda. Si unaijua."

"Wakirudi tezi?"

"Inakaa."

"Sasa ile propela ya milioni, kazi yake ni kulikandamiza tezi. Ni kama kumchukua Bibi Mwanaidi kutoka omo ukamkalishe juu ya mashine."

Akanyamaza, safari hii ukimya mwingine. Kisha akacheka kwa sauti, nikamsikia anamrudia mtu aliyekuwa karibu maneno yale. "Kwa hiyo wewe unasema tatizo ni tezi."

"Tezi, baba."

"Hm. Na mbona hao Wazungu…"

"Hao hawabebi mchele."

Tukakubaliana tuanze na vya bure. Mashine yake haina trimu ya umeme. Ina pini ya chuma inayochagua pembe ya mashine kwenye ubao wa tezi. Ukiisogeza tundu moja ndani, mashine inainamia boti, msukumo unaliinua tezi kidogo na omo linashuka. Pini ilikuwa na kutu tangu siku boti iliponunuliwa, hakuna aliyewahi kuigusa. Iligongwa nusu siku ikatoka. Madumu ya petroli yakahamishwa kutoka nyuma mpaka katikati, magunia vilevile. Hivyo tu, hela sifuri, wakapata kilomita 3 zaidi. Bado haikivuki kilima, lakini baba mdogo alinipigia yeye mwenyewe kunipa habari, na hapo nikajua tuko pamoja.

Kilichobaki ni propela. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukipunguza pichi inchi moja, mashine inapata mizunguko 150 mpaka 200 zaidi. Kutoka 13 kwenda 11 ingetupa kama 300 mpaka 400, tungeingia kwenye mipaka ya kitabu au kuigusa. Na boti ikishapanda mashine inapumua, mizunguko inaongezeka yenyewe. Nilitaka ya mapanga manne. Ya kutoshea mashine ile haikuwepo mjini, na kuagiza ilikuwa bei ya kunyima watu usingizi. Nikachukua ya mapanga matatu ya alumini, imeandikwa 11 5/8 x 11. Kipenyo kikubwa kidogo kuliko ya zamani, mapanga yenye eneo pana zaidi, mlalo wa kawaida. Yule kijana wa duka alisikitika kweli. "Dada, hii ni ya boti za mizigo." Nikamwambia ndiyo hiyo.

Wapo watakaosema alumini si kitu, ingefaa chuma cha pua. Kwa boti za mbio nakubali, mapanga ya chuma cha pua ni membamba, hayapindi yakibanwa na nguvu, na mlalo mkubwa unataka chuma kigumu. Lakini kwa bahari yenye miamba kama yetu mimi napenda panga ambalo likigonga linapinda lenyewe, badala ya kupeleka kishindo chote ndani ya giaboksi. Giaboksi haina nyundo ya elfu kumi na tano. Huo ni mtazamo wangu, mwenye boti ya kitalii anaweza kunicheka.

Julai nikaenda nyumbani na propela mpya kwenye gunia lilelile, na barua ya BTP mfukoni. Nilipangiwa sekondari ya hukohuko wilayani, fizikia kidato cha pili, na mada iliyonisubiri ilikuwa nguvu zinazogeuza vitu kwenye egemeo. Nilifundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, rula juu ya penseli, sarafu huku na huku. Waliandika vizuri, miandiko mizuri kabisa. Nikauliza swali, darasa likawa kama msikiti saa nane mchana. Nikafuta ubao, nikachora boti kwa ubavu. Hili omo, hili tezi. Mashine ina uzito huu, imekaa umbali huu kutoka kwenye egemeo. Bibi ana uzito huu. Akae wapi? Mikono ikapanda mpaka ya wale wa dawati la nyuma. Kijana mmoja ambaye baba yake anabeba barafu akataka kujua kama barafu ikiyeyuka njiani egemeo linahama. Linahama! Sikuwa nimeliwaza hilo. Mwalimu msimamizi aliyekuja kunikagua wiki ile aliandika kwamba nimetumia Kiswahili kupita kiasi. Aliandika pia kwamba wanafunzi walishiriki. Yote mawili ni kweli.

Propela tuliifunga Jumamosi asubuhi, maji yakijaa. Kusi lilikuwa linavuma lakini si la kutisha. Tukapakia mzigo uleule wa Aprili kadiri tulivyoweza kukumbuka, abiria tisa, magunia, madumu katikati. Fundi na kimita chake, mimi na simu. Baba mdogo akafungua gesi. Omo likapanda, kama siku zote, na nikaona watu wawili wanaanza kuinuka wenyewe kuhamia mbele, kwa mazoea. Akawazuia kwa mkono. Mashine ikalia sauti nyembamba zaidi ya ile niliyoizoea. Omo likakaa juu, likakaa, nikahesabu mpaka kumi na moja, nikiwa nimeshika ubao kwa mikono miwili, nikiwaza laki mbili na nusu, nikiwaza milioni ambayo angeweza kuniambia bora angekopa. Kisha likaanza kushuka. Polepole, kama mtu anayekaa chini baada ya kazi. Tukauona ufukwe wote mbele yetu, na mitumbwi miwili mbali upande wa kulia, na kila mtu akaanza kuongea kwa pamoja.

Namba, kwa wanaotaka namba: mizunguko 4900, kilomita 31 kwa saa. Propela ingepaswa kwenda 41, kwa hiyo tunapoteza karibu asilimia 25. Si ya kujivunia kwenye mbio, lakini tumetoka 53. Safari iliyokuwa inamaliza dumu la lita 20 sasa inabakiza lita nne hivi.

Haikuja bure. Boti ikiwa tupu, mashine inaruka juu ya 5500, na baba mdogo lazima azuie gesi, la sivyo anaiua. Mwendo wake wa juu akiwa hana mzigo umeshuka, zamani alifika 43, sasa kama 39. Kuna boti nyingine pale bandarini ambayo alikuwa akiiacha kila jioni wakirudi watupu, na sasa inampita. Mwenye boti ile anapunga mkono. Hili limemuuma kuliko nilivyotegemea, na mwezi wa nane wote nililisikia. Tumepatana hivi: Oktoba papa potwe wakija, akiwa na wageni sita na mzigo wa vifaa vya kuogelea tu, atafunga 13 iliyonyooshwa upya na fundi mwenye mizani, na msimu ukiisha atarudisha 11. Kubadilisha ni pini moja na nati moja, dakika kumi. Na kwa papa wenyewe mwendo hauhusiki, ukiwakaribia unapunguza mpaka mashine inanong'ona, maana panga lolote, la milioni au la laki mbili, likimpitia mgongoni linamkata sawasawa.

Bibi Mwanaidi siku hizi anakaa nyuma, karibu na mashine, kanga kavu. Mara ya mwisho nilipopanda naye alikuwa amejifunika pua. Anasema huko tezi kunanuka petroli, na kwamba omo angalau kulikuwa na upepo.